Gari la Masika na Kipupwe Jijini Nairobi: Lipi Ununue, na Ulitayarishe Vipi

Masika ya Machi hadi Mei huugeuza udongo mweusi wa Ruai, Utawala na Kitengela kuwa gundi, na kipupwe cha Juni hadi Agosti huteremsha ukungu wa Limuru na Kinungi hadi dereva akashindwa kuiona bampa ya lori lililo mbele yake. Anayenunua gari mwezi wa Januari, jua likiwaka, hulipima kwa rangi, redio na ulaji wa mafuta, na ni Aprili ndipo anapogundua kwamba alisahau kuinama akatazama chini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta gari moja la familia, lililotumika, la kumpeleka kazini kila siku na kumfikisha kijijini au kwenye ploti yake mvua ikinyesha. Ninayapanga magari kwa kuzingatia mambo matatu, kwa utaratibu huu: kimo cha uvungu, hali ya chuma cha chini, na baada ya hapo ndipo uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ingawa gharama ya kulitunza gari huweza kuubadilisha mpangilio huo.

Chuma cha chini nakitaja mapema kwa sababu theluji ya Japani hutufikia hapa kwa njia ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi ya yale yaliyo kwenye yadi za Barabara ya Ngong na Barabara ya Kiambu yaliishi Japani karibu muda huo wote kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa. Yaliyoishi Hokkaido na kaskazini mwa Honshu yamepita majira ya baridi kadhaa ambamo barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hutulia kwenye viungio vya bodi, mabomba ya breki na vikalio vya springi, ikila chuma polepole hata baada ya gari kufika kwenye jua letu. Omba karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani. Katika mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo, herufi S huonyesha kutu na C huonyesha chuma kilicholiwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaribia kulipia gari safi sana katika yadi moja ya jiji. Uvungu wake ulikuwa umepakwa rangi nyeusi nzito inayong'aa, na muuzaji alinihakikishia kwamba ni kinga ya kiwandani. Fundi niliyekwenda naye alilipandisha kwa jeki, akashika bisibisi na kuanza kugonga kwa mpini chini ya mlango, mahali baada ya mahali, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Mlio ulikuwa mkavu mpaka alipokaribia gurudumu la nyuma, na hapo ukawa butu. Aliigeuza bisibisi, akasukuma kidogo kwa ncha, nayo ikazama. Unga wa kahawia ukamwagika kiganjani mwake. "Bosi," aliniambia, "hapa ni rangi imeshikilia rangi." Tangu siku hiyo silipi hata amana kabla gari halijapandishwa, na muuzaji anayekataa lipandishwe huwa amekwisha kunijibu.

Chaguo langu la kwanza ni Subaru Forester ya lita 2.0 isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Uvungu wake una kimo cha takriban milimita 220, yaani unakaribia ule wa magari makubwa yanayogharimu mara mbili au tatu ya bei yake, na mfumo wake huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote bila dereva kubonyeza chochote. Kwenye barabara ya murramu iliyolowa, tofauti hiyo huhisiwa katika kona ya kwanza. Ni kweli kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na kwamba injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu katika hewa nyepesi kama hii. Hata hivyo nashauri uvumilie upungufu huo, kwa kuwa nyingi za zile zenye tabo zimekwisha kuendeshwa kwa fujo na mtu mwingine. Sharti moja la Subaru halina msamaha: tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika kwa kiwango kimoja. Ukifunga mbili mpya na kuacha mbili kuukuu, mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, hata kwenye lami iliyonyooka, mpaka uharibike.

La pili, na najua wengine watashangaa, ni Toyota Probox ya kuvuta kwa magurudumu manne. Uvungu wake si wa juu, lakini gari ni jepesi, spea zake zinapatikana Barabara ya Kirinyaga hata asubuhi ya Jumapili, na hakuna fundi asiyelijua. Kwa mwenye bajeti ndogo anayeishi Kamulu au Joska, ni bora Probox ya fobaifo yenye tairi nzuri kuliko gari la kifahari lenye tairi za mtumba. Hakikisha tu kwamba ni fobaifo kweli, kwa kulala chini na kuiona shafti inayokwenda kwenye ekseli ya nyuma, kwa sababu nyingi zilizo sokoni huvuta kwa magurudumu ya mbele peke yake.

Nissan X-Trail naiweka ya tatu. Ina nafasi, ina uvungu wa juu, na zile za fobaifo zina kitufe cha kuzungusha chenye neno LOCK, ambacho hufunga mvuto wa nyuma na mbele pamoja unapokwama matopeni. Giaboksi yake ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka mafuta yake maalumu na haivumilii kulazimishwa: dereva anayekanyaga mafuta kwa dakika kumi akijaribu kutoka kwenye tope huipasha moto kupita kiasi. Mazda CX-5 inafuata. Ile ya petroli sina neno nayo. Ile ya dizeli ina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi, na foleni ya Barabara ya Jogoo haitoi nafasi hiyo.

Toyota Land Cruiser Prado ndiyo yenye uwezo kuliko yote niliyotaja, nami bado naiweka ya tano. Bei yake, mafuta yake na bei ya tairi zake humfanya mnunuzi wa kawaida ashindwe kuitunza, na gari la tani mbili lenye tairi zilizoisha ni hatari kubwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Inunue ikiwa barabara yako ya nyumbani inaihitaji na mfuko wako unaimudu. Magari madogo ya uvungu wa chini, kama Vitz, Demio na Aqua, ni mazuri mjini kwenye lami. Kwa aliye na kilomita tatu za udongo mweusi mbele ya lango lake, simshauri.

Likishapatikana gari, fedha za kwanza ziende kwenye tairi. Magari kutoka kaskazini mwa Japani mara nyingi hufika yakiwa na tairi za theluji, zenye maandishi STUDLESS ubavuni au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Raba yake ni laini kwa makusudi, ili ishike barabara joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, na hata usiku wa Julai jijini kwa kawaida haushuki hivyo. Kwenye lami yetu tairi hizo hulika haraka, na ukifunga breki kwenye maji gari huchelewa kusimama. Ziondoe hata kama zinaonekana mpya. Tairi yoyote unayouziwa, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ina maana kwamba ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji huonyesha kwamba tairi imeisha, kina kikibaki milimita 1.6, lakini kwa mvua ya Aprili mimi hubadilisha kina kikifika milimita 3, kwa sababu chini ya hapo tairi haiwahi kuyatoa maji, na gari huanza kuelea.

Betri ipimwe injini ikiwa imezimwa tangu usiku. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, na chini ya 12.4 itakusumbua asubuhi ya kipupwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Raba za waipa zibadilishwe Februari, kabla bei haijapanda na kabla hujazihitaji. Kioo kikifanya ukungu kwa ndani, washa eya kondishena pamoja na hewa ya moto, kwa kuwa kazi yake nyingine ni kukausha hewa. Kwenye ukungu wa Kinungi tumia taa za chini, maana taa kamili humrudishia dereva mwanga machoni.

Fungua boneti uone mdomo wa kuvutia hewa uko kimo gani, kwani hapo ndipo mpaka wako wa maji ulipo. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda hupinda fimbo za pistoni kwa mzunguko mmoja tu wa injini. Gari likizimika majini, usijaribu kuliwasha tena. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuyainua magari mengi madogo, na sentimita 60 huyachukua hata makubwa, kwa hiyo usipoiona barabara chini ya maji, geuza. Na ikiwa umelazimika kupita kwenye maji yaliyofunika ekseli, mpelekee fundi gari wiki hiyo hiyo afungue nati ya diferensheli, yaani boksi la gia lililo kwenye ekseli. Mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na yote yamwagwe kabla hujaliendesha tena.