Basi la maktaba la kijijini kwetu Lapland: tathmini ya majira ya baridi

Maktaba za Finland zikitajwa, wengi hukumbuka Oodi, lile jengo la Helsinki lililofunguliwa Desemba 2018 ambalo picha zake zimezagaa kila mahali. Mimi nataka kusifu maktaba yenye magurudumu. Ninaishi Lapland, jimbo la kaskazini kabisa la Finland, juu ya mstari wa Aktiki, katika kijiji chenye duka moja na shule iliyofungwa zamani. Makao makuu ya halmashauri yako mwendo wa saa nzima kwa gari, barabara ikiwa nzuri. Oodi yetu ni kirjastoauto, basi la maktaba, linalopita kila baada ya wiki mbili na kuegesha kwenye uwanja wa ile shule. Nimelitumia tangu nilipotoka Kenya kuja huku kuhudumia wazee majumbani, na kwa maoni yangu huduma kama hii ipimwe Januari. Juni kila kitu Lapland ni kizuri, hata kusubiri kituoni.

Januari ni habari nyingine. Jua likichomoza linakaa muda mfupi tu na kuzama, na huko Utsjoki, mwisho kabisa wa nchi, halionekani kwa karibu siku 50. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haimshangazi mtu. Rekodi ya nchi ni nyuzi 51.5 chini ya sifuri, iliyopimwa Pokka, wilayani Kittilä, Januari 1999. Gari lazima lichomekwe kwenye stima saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili injini ipate joto. Simu yenye chaji nusu huzimika mfukoni. Biro hugoma kwa sababu wino umekuwa mzito, ndiyo maana watu wa huku wanaofanya kazi nje hutembea na penseli. Katika hali hiyo mtu huanza kuacha mambo yasiyo ya lazima, na kusoma na kuandika huwa katika yale ya kwanza kuachwa. Unarudi kutoka kazini saa tisa na giza limeshaingia, unatia kuni jikoni, unakaa, na mwili unataka kulala tu.

Basi hili linamwamsha mtu. Unapanda ngazi, mlango unafungwa nyuma yako, na miwani yako inafunikwa na mvuke papo hapo. Ndani kuna joto la kweli. Rafu zimejengwa kwa kuinamia nyuma kidogo ili vitabu visimwagike kwenye kona. Zulia la mlangoni limelowa theluji iliyoyeyuka, na hewa inanuka sufu iliyolowa na karatasi. Watoto wanakimbilia Aku Ankka, jarida la Donald Duck ambalo Wafini wamelisoma tangu 1951, na mwanangu yumo. Kina mama wanachukua vitabu vya kufuma soksi. Wazee wa kiume wanasimama mbele ya vitabu vya vita na uwindaji bila kusema neno, kisha mmoja anauliza jambo na wote wanajibu.

Dereva ndiye mkutubi pia, na ubora wa huduma unaanzia kwake. Anajua nani anasoma nini. Mara ya kwanza nilipopanda, Kifini changu kilikuwa cha salamu na cha kuuliza dawa imemezwa saa ngapi. Hakunibadilishia lugha, na hakunipa kitabu cha watoto. Alivuta kutoka rafu ya chini selkokirja, yaani kitabu cha watu wazima kilichoandikwa kwa Kifini chepesi: sentensi fupi, maneno ya kila siku, lakini hadithi ya mtu mzima mwenye mapenzi, madeni na msiba. Akaongeza nakala za Selkosanomat, gazeti la habari kwa lugha nyepesi ya namna hiyohiyo. Mtu aliyewahi kuwa msomaji mzuri kwao, halafu akajikuta ugenini anapewa picha za sungura, ataelewa kwa nini namheshimu mzee huyu.

Katika kazi yangu, kila ukimtembelea mzee unaandika kwa Kifini ulichokiona: amekula nini, ngozi ya kisigino ikoje, amelala vipi, anasemaje kuhusu maumivu. Anayekuja zamu ya jioni anategemea maandishi yako, na neno baya linaweza kumdhuru mtu. Sentensi zangu za mwanzo zilikuwa za maneno matatu. Vitabu vile vilinifundisha namna sentensi ya Kifini inavyosimama, kwa kuwa unaiona imevuliwa mapambo yote. Baadaye nilipojiandikisha kwa mtihani wa YKI, mtihani wa taifa wa lugha, ambao una sehemu ya kuandika (ujumbe kwa rafiki, barua rasmi, na maoni yako juu ya jambo fulani), dereva aliniwekea kitabu cha mazoezi kilichokuwa na foleni ya waombaji. Nilikuwa nikifanya zoezi jioni kando ya jiko la kuni na kumwonyesha basi likija. Hakuniandikia hata mstari mmoja. Anaweka kidole penye kosa na kungoja niligundue mwenyewe, huku watu nyuma yangu wakingoja kwa subira ambayo sijaiona kwenye foleni yoyote ya Nairobi.

Vitabu sivyo pekee vinavyoazimwa. Niliomba kipima umeme, kile kifaa kinachochomekwa kati ya soketi na chombo chako, kwa sababu bili ya stima wakati wa baridi inatisha. Nikagundua friji kuukuu la stoo linakula kuliko nilivyodhani. Viatu vya kutembelea juu ya theluji nzito vinaazimwa pia. Yote haya bila malipo, maana sheria ya maktaba iliyoanza kutumika 2017 inasema kutumia na kuazima ni bure. Ukichelewesha utatozwa, na ni haki.

Jirani yangu, mama mzee ambaye macho yamepungua nuru, aliacha kusoma kabisa akajiona amekwisha. Dereva ndiye aliyemweleza kuhusu Celia, taasisi inayotoa vitabu vya kusikiliza kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida, na akamwandikisha palepale ndani ya basi. Sasa nikipita kwake asubuhi nakuta sauti ya msomaji imejaa jikoni na mama amekaa wima na kahawa yake, anakasirika nikizungumza katikati ya sura.

Vipi Kiswahili? Kwenye rafu hakuna, na sikutarajia kiwepo. Unaagiza. Helsinki kuna Monikielinen kirjasto, maktaba ya lugha nyingi inayohudumia nchi nzima kupitia maktaba za mahali, na vitabu vingine hupatikana kwa kuazimana kati ya maktaba na maktaba. Unangoja, kwa kuwa kitabu kinasafiri umbali mkubwa na kisha kinangoja zamu ya basi. Lakini siku dereva aliponyanyua kitabu cha hadithi za Kiswahili na kumkabidhi mwanangu mbele ya wenzake, mtoto alikisoma kwa sauti palepale na wenzake wakataka kujua kila neno. Tangu hapo anamwandikia nyanya yake aliyeko Voi, Kenya, barua kwa mkono, kwa Kiswahili, na mimi sisahihishi ila akiniomba.

Nimekulia nchi yenye maktaba ya ngamia. Huko Garissa, tangu miaka ya 1990, ngamia wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu kupeleka kwa wafugaji wanaohamahama. Kwa hiyo wazo la kitabu kumfuata msomaji si geni kwangu, na ninajua kinachoifanya huduma ya namna hii iaminike: ifike siku iliyosema itafika. Basi letu linafika. Gari la kusukuma theluji likiwa limechelewa, nalo huchelewa, lakini hufika.

Sasa kasoro, na ni za halmashauri inayopanga ratiba na kununua magari. Robo saa kituoni haitoshi. Mzee mwenye mkongojo anatumia nusu ya muda huo kupanda, kwa sababu basi letu halina lifti na ngazi ni za juu. Mjamzito na mwenye kigari cha mtoto wana shida hiyohiyo. Uwanja hauna kibanda, kwa hiyo basi likichelewa watoto wanasimama gizani kwenye upepo. Ratiba ya mtandaoni iko kwa Kifini tu, na mgeni aliyehamia juzi hawezi kujua kuwa huduma hii ipo mpaka mtu amwambie. Halafu saa za basi ni za mchana: ukiwa zamu, basi limekupita, na hapa karibu kila mgeni anafanya kazi ya zamu. Kuhusu mapumziko ya Julai silalamiki, kila mtu huku hupumzika Julai.

Ukiwa mgeni Lapland, haya yatakusaidia. Nenda na kitambulisho, kadi utapewa bure. Vaa riflekta, kwa kuwa sheria inakutaka uvae ukitembea gizani na dereva wa lori hakuoni bila hiyo. Beba mfuko wa plastiki. Kitabu kilichopoa njiani kikiingia nyumba yenye joto, unyevu wa hewa unageuka maji juu yake na kurasa zinajikunja. Kifunge ndani ya mfuko kabla hujaingia, kiache kipate joto humo taratibu, ndipo ukifungue. Na useme unachotaka. Dereva hatakuuliza mambo yako, ila ukimwambia unajifunza kuandika, au unatafuta kitabu cha lugha yenu, atalishughulikia hadi mwisho.

Natoa nyota nne kwa tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya ngazi na ile robo saa. Bajeti ya mwaka ujao hupitishwa na baraza kabla mwaka haujaisha, na maoni ya wakazi hupokelewa. Yangu nimeshatuma: ukurasa mmoja na nusu wa Kifini, ninaomba kituo chetu kipewe nusu saa, zamu moja ya jioni kwa mwezi, na basi lijalo liwe na lifti. Jirani yangu ametia sahihi chini yake.