Ovaloki iliyotumika kama zawadi: ipi inamfaa anayeanza?

Ukiwa mbele ya ovaloki iliyotumika, acha kwanza jina lililoandikwa ubavuni, anza na sindano. Ichomoe, utazame shina lake. Je, lina upande mmoja bapa, au ni duara kote? Shina bapa la aina ya HAx1 (pakiti nyingine huandikwa 15x1 au 130/705H) ndilo la cherehani nyeusi za kukanyaga zilizojaa barazani kwa mafundi, kuanzia Kiyembe mjini Kampala hadi Arua. Sindano ikivunjika Jumamosi jioni, mwenye mashine anaipata duka la karibu linalouza uzi na vifungo. Shina la duara ni habari nyingine. Namba zake ni nyingi, na mbili zinazofanana kwa macho si lazima zilingane kwa urefu. Akiweka isiyo yake, lupa (mkono wa chuma unaobeba uzi na kuusokota na ule wa sindano) itapishana na uzi, mshono utaruka, naye ataamini kosa ni lake.

Ndiyo maana kipimo chetu hapa si idadi ya mishono wala sifa za kampuni. Ovaloki ya zawadi ni ile ambayo mwenyewe ataivisha uzi bila msaada, na spea zake atazipata bila kumpigia simu aliyemnunulia.

Jambo moja kabla ya kwenda sokoni: kama huyo mtu bado hana cherehani ya kawaida, mnunulie hiyo kwanza. Ovaloki hukata ukingo, huufunga na kuunganisha, basi. Haitoboi tundu la kifungo, haishoni zipu, haipigi mshono wa juu wa kola.

Mashine zinazouzwa

Utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni ndogo za nyumbani zenye mwili wa plastiki, za nyuzi tatu na nne: Brother 1034D, Janome 8002D, Juki MO-654DE, Singer za familia ya 14SH. Ya pili ni kichwa cha chuma cha Kichina cha familia ya GN1, sindano moja na nyuzi tatu, kinachofungwa juu ya meza ya kukanyaga au kupewa mota ndogo. Ya tatu ni za kiwandani zenye meza yake: Juki MO-6700, Siruba, Pegasus.

Za kiwandani tunaziondoa mapema. Ni mashine nzuri, na fundi wa sare za shule hatataka nyingine, lakini mfululizo wa MO-6700 unaweza kufika mishono 7,000 kwa dakika, wakati Brother 1034D inaishia 1,300. Ikiwa na klachi mota, mguu wa mtu asiyezoea hauna kati: imesimama, au imeshakata nusu ya mkono wa blauzi. Halafu kuna meza, kuna uzito, na kuna mafuta yanayokaa ndani ya tumbo la mashine, ambayo mara nyingi humwagwa wakati wa kusafirisha. Mtu akiiwasha bila kutazama kioo cha mafuta, vyuma vinasagana.

GN1 tunaiheshimu kuliko wengi wanavyoiheshimu. Ni kelele na chuma kitupu, lakini kila kitu kiko wazi: unaiona lupa, unaiona njia ya uzi, unaona mahali pa kutia mafuta. Umeme wa Yaka (wa kulipia kabla) ukikatika, kwenye meza ya kukanyaga kazi inaendelea, na fundi wa kuirekebisha hayuko mbali. Upungufu wake ni kwamba haina meno ya kasi mbili (seti mbili za meno ya kuvuta kitambaa, ya mbele na ya nyuma, zinazoweza kwenda kwa kasi tofauti), kwa hiyo jezi na fulana zitatoka na ukingo wa mawimbi. Sindano yake pia ni ya shina la duara, basi nunua pakiti mbili siku hiyo hiyo. Kama zawadi inakwenda kijijini ambako umeme haujafika, chukua hii bila kusita.

Kwa anayeanza mwenye umeme, chaguo letu ni mashine ya nyumbani ya nyuzi tatu/nne yenye sindano ya HAx1 na kirekebishi cha kasi ya meno. Kati ya tulizozitaja, Brother 1034D ndiyo rahisi kumfundishia mtu: njia za nyuzi zina rangi na namba, na lupa ya chini, ile inayowatoa watu jasho, huvishwa kwa kulaza uzi kwenye vikamatio, si kuuchomeka gizani. Juki MO-654DE hushona vizuri zaidi kwenye vitambaa vigumu na inaweza kutumia hata nyuzi mbili, ila inadai vidole vyenye subira. Singer angalia sindano kwa makini. Kadhaa katika familia hiyo zimetengenezewa sindano ya namba 2022, na hiyo si ya kupatikana kila duka. Baby Lock zinazopuliza uzi kwa hewa ni raha kutumia, lakini bomba lake likiziba utatafuta fundi hadi uchoke.

Kibao cha volti

Geuza mashine usome kibao kilicho nyuma au chini. Umeme wetu wa Uganda ni volti 240, 50 Hz. Zilizotoka Uingereza zinaingia moja kwa moja. Zilizotoka Japani zimeandikwa 100V, za Marekani 120V. Tofauti ya 50 na 60 Hz haisumbui mota hizi ndogo za kaboni (zenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota). Volti ndizo zinazoua. Muuzaji atakupa adapta na kukuambia "inaingia tu." Adapta hubadilisha umbo la pini, haibadilishi volti. Utakachokiona ni taa kumulika mara moja na kuzima, kisha harufu.

Pedali nayo ina kibao chake, na hapa ndipo watu hupitwa. Pedali huchanganywa wakati wa kupakia, ukakuta mashine ya 240V imepewa pedali ya 110V. Soma vyote viwili. Kama mashine ni nzuri kweli lakini ni ya 100V au 120V, hesabu bei ya transfoma ndani ya bei ya mashine. Mota nyingi za nyumbani hula kati ya wati 90 na 130, kwa hiyo transfoma ya wati 300 za kweli inatosha na nafasi inabaki. Chukua ya koili ya chuma, ile nzito. Na andika kwa kalamu nene kwenye waya wa mashine: "TRANSFOMA TU", maana siku moja mgeni atauchomeka ukutani.

Kuijaribu

Nenda na koni nne za rangi tofauti, polista ya 120, pamoja na vipande vinne vya kitambaa vya sentimita 10 kwa 30: kitenge, fulana, gabadini ya sare, na shifoni au bitana. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu, muage kwa heshima.

Kabla ya umeme, zungusha gurudumu kwa mkono upande unaoonyeshwa na mshale, taratibu, mizunguko kumi. Isikike laini. Ukisikia "tik" ya chuma mahali pale pale kila mzunguko, sindano imepinda au lupa imegongwa. Weka sindano mpya urudie. Ikibaki vile vile, ni lupa, na kuipanga upya ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Acha.

Kisu kinajaribiwa bila uzi. Pitisha shifoni kwa mwendo wa polepole. Ikikatwa safi, vizuri. Ikitafunwa na kuacha manyoya, usikimbie bado, tazama kisu cha chini, kile kisichosogea. Makali yake yanatakiwa yawe sawasawa na uso wa sahani, lile bamba la chuma lililo chini ya sindano. Mara nyingi kimelegea kikashuka, na skrubu moja inakirudisha. Kwenye mashine nyingi hicho cha chini ni cha chuma laini na ndicho kinachoisha kwanza, bei yake si ya kutisha. Kisu cha juu ni kigumu zaidi, lakini kikimeguka kwa pini moja tu iliyosahaulika kwenye kitambaa, kila mshono utakuwa na jino lisilokatwa mahali pale pale. Pitisha kucha ukingoni utalihisi pengo.

Sasa ivishe. Nyekundu lupa ya juu, bluu lupa ya chini, njano sindano ya kulia, nyeupe sindano ya kushoto. Lupa hutangulia, sindano huja mwisho. Ipi kati ya lupa mbili ianze, fuata mchoro ulio ndani ya mlango wa mbele. Utaratibu huu una sababu: uzi wa sindano ukiwa umeshashuka kabla ya lupa ya chini kuvishwa, nyuzi hizo mbili hupandana chini ya sahani, na ya lupa hukatika katika mishono michache ya mwanzo. Ndilo kosa namba moja la wanaoanza. Uzi wa lupa ya chini ukikatika, toa kwanza nyuzi za sindano, visha lupa, kisha rudisha sindano.

Weka tensheni zote (vidude vya kukaza na kulegeza uzi) kwenye 4, shona kitenge tabaka mbili, kisha tazama ukingo kwa karibu. Nyekundu ilale juu, bluu chini, na zikutane ukingoni kabisa kama wasafiri wanaopeana mkono mpakani Busia. Bluu ikipanda juu, lupa ya juu imekazwa mno au ya chini imelegea. Nyekundu ikikunjika kwenda chini, ni kinyume chake. Fungua mshono kwa vidole: ukiachia kama ngazi, nyuzi za sindano zimelegea. Hizi zote ni za kuzungusha kidude, si kasoro.

Kasoro ni hii: unatoa tensheni kutoka 2 hadi 7 na mshono haubadiliki. Inua futi, kamata uzi kwa mikono miwili juu na chini ya diski za tensheni (visahani viwili vinavyoubana uzi), uvute kwa nguvu uingie katikati. Mashine nyingi za kisasa hufungua diski futi ikiwa juu, na uzi uliovishwa futi ikiwa chini huelea nje. Kama bado, pitisha ukanda wa kitambaa kati ya diski utoe vumbi la nyuzi; kwenye ovaloki ya mtumba hutoka donge zima. Kama bado tena, springi imekufa, nawe nenda zako.

Kisha fulana, ukikata kwa upana, upande unaovutika. Kasi ya meno ikiwa 1, ukingo utatoa mawimbi kidogo. Ipeleke 2: mawimbi yaishe, hata kitambaa kianze kujikusanya. Rudisha hadi 0.7 ujaribu shifoni, itanyooka. Usipoona tofauti yoyote, meno yamekwama, na umepoteza sababu kuu ya kununua mashine ya aina hii badala ya GN1.

Mwisho gabadini, tabaka nne, kama unapovuka mshono juu ya mshono. Mota ikinung'unika kidogo si neno. Ikisimama na kunuka, kaboni zimeisha au mkanda unateleza.

Vitu vidogo vinavyopotea

Uliza ulimi wa mshono. Ni kipande chembamba cha chuma pembeni mwa sindano, kama ncha ya kibiriti, ambacho uzi hujizungusha juu yake kabla ya kuteleza nyuma. Kwenye mashine kadhaa, 1034D ikiwemo, hutolewa unapotaka pindo jembamba la mtandio, na mwenye mashine wa kwanza alikitoa akakisahau. Bila ulimi, ukingo wa kila nguo utajikunja. Tazama pia mnara wa nyuzi: uinuke hadi mwisho, na pete zake zikae juu ya koni sawasawa. Fimbo iliyokatwa ikafungwa waya huleta tensheni inayobadilika kila dakika, na hakuna kidude kitakachoitibu. Kitabu cha maelezo kikikosekana si hasara kubwa. Kwa jina kamili la modeli kinapatikana kwenye intaneti.

Kinachokwenda nayo

Tenga karibu robo ya bajeti kwa vitu vinavyoambatana, usimalize fedha zote kwenye mashine. Pakiti mbili za sindano, 80/12 na 90/14. Kisu cha chini cha akiba. Kibano kirefu chenye ncha iliyopinda, brashi, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, vibanio vya kushikia kitambaa badala ya pini. Koni nane, nne nyeupe na nne nyeusi, kwani hii mashine ina njaa: mita moja ya mshono inayokula uzi kama mita tatu kwenye cherehani, hapa hula karibu 14 kwa nyuzi tatu, na hadi 18 hivi kwa nne. Mtu asiyeambiwa hili atadhani amepewa uzi mfupi.

Ikabidhi ikiwa imevishwa zile rangi nne, na vipande vya majaribio vimebaki chini ya futi. Kubadilisha rangi wiki ya kwanza: akate uzi karibu na koni, afunge mpya kwa fundo dogo, ashushe tensheni zote hadi 0, avute polepole mpaka fundo lipite lupa. Kwenye sindano akate fundo kabla ya tundu na kuchomeka kwa kibano. Wiki ya pili atoe nyuzi zote na kuivisha upya kuanzia mwanzo, mara tano mfululizo, mchoro ukiwa mbele yake.