Ukinunua trei ya biskuti, tazama kupinda kwanza

"Upande mmoja zimeungua, upande wa pili bado nyeupe." "Zimeteleza zikashikana katikati, nimetoa biskuti moja kubwa kama mkeka." "Nimefuata vipimo vyote ila sijui nimekosea wapi." Malalamiko ya biskuti za siagi yanayonifikia yamefanana mno, na karibu kila mtu analaumu oveni, au unga, au mimi mwenyewe. Jamani, unga hauna kosa. Siku hizi nikiandikiwa hivyo naomba kwanza picha ya trei tupu ikiwa mezani, na mara nyingi jibu liko palepale: kona moja inaelea hewani.

Basi leo tuongee trei. Ukubwa sitauzungumzia sana, pima oveni yako mwenyewe na uache nafasi pembeni hewa moto ipite. Urembo wa vishikio pia sina habari nao. Shida yangu ni kupinda, kasoro ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizii.

Dukani trei zote zinaonekana zimenyooka. Ubaya unajitokeza ndani ya oveni, joto likifika nyuzi 180 au 200, pale unaposikia "paa!" ukadhani kuna kitu kimepasuka. Hakuna kilichopasuka, ni bati limebinuka. Umepanga madonge yaliyotoka kwenye friji, kwa hiyo bati lililo chini ya madonge bado la baridi huku sehemu tupu zimeshapata moto. Sehemu ya moto inataka kutanuka, jirani yake haijawa tayari, na bati likiwa jembamba halina nguvu ya kuvumilia mvutano huo.

Wapo wanaoniambia, "Lakini ikipoa inarudi." Inarudi, ndiyo. Biskuti ndizo zisizorudi. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, kwa hiyo dakika za mwanzo donge ni laini na linafuata mteremko wowote linaoukuta. Mafuta yanakimbilia bondeni, na biskuti za huko zinatandaa na kuungua kingo kabla zile za mlimani hazijabadilika rangi. Zivunje mbili, moja ya kila upande: ya bondeni ni nyembamba, chini nyeusi na ina mafuta, ya mlimani ni nene, katikati bado mbichi. Donge lilikuwa moja, oveni moja.

Sasa tuje kwenye madini, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo ungetarajia ndiyo iwe ya kwanza kupinda. Lakini alumini husambaza joto upesi sana. Kwa vipimo vya upitishaji joto, alumini safi iko kwenye 237 hivi, chuma cha kawaida kama 50, na stenlesi ya vyombo vya jikoni kama 16 tu. Joto likisambaa upesi, tofauti kati ya sehemu ya moto na ya baridi inakuwa ndogo, na tofauti hiyo ndiyo inayopinda bati. Stenlesi inatanuka sana kuliko chuma cha kawaida, halafu inang'ang'ania joto pale lilipoingilia.

Namba moja wangu ni Nordic Ware, ile trei yao ya alumini tupu isiyopakwa kitu. Nina upendeleo na siuombei radhi. Ni kampuni ya Minnesota, Marekani, iliyoanza mwaka 1946, na wengi wanaijua kwa chombo cha kuokea keki cha Bundt chenye tundu katikati. Mimi naipendea ukingo wa trei hii: umekunjwa na ndani yake kuna chuma cha kuukaza, kwa hiyo hata bati likitaka kucheza, pembe zinalizuia. Rangi yake ya kung'aa hairundiki joto chini ya biskuti kama inavyofanya nyeusi, na tako la biskuti linatoka na rangi ya dhahabu sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Biskuti za tangawizi nazozipenda, zile za kukatika "kak!" mdomoni, hazijawahi kunitoka vizuri kwenye kitu kingine. Ile kubwa ina sentimita 33 kwa 46 hivi, nayo haiingii kila oveni. Mwenye oveni ndogo achukue nusu yake.

Masharti yake ni machache. Tandika karatasi ya kuokea, maana alumini tupu hugandisha. Usiioshe kwa mashine, sabuni zile kali zinaifubaza na kuitia weusi. Ikishafubaa inaoka vilevile, ila nawajua wasomaji wangu, mtaniandikia kulalamika.

Ya pili naiweka USA Pan. Hawa wametumia chuma kilichovikwa alumini, na sehemu ya chini wameitia mistari iliyoinuka. Mistari ile ndiyo akili yote: bati lenye mikunjo ni gumu kupinda kuliko bati laini la unene uleule. Biskuti nene hazijali, lakini zile nyembamba za kukata kwa vikatio zinatoka na michirizi chini. Kama unazipamba kwa sukari juu, nani atazigeuza?

Trei za matabaka mawili zenye hewa katikati nazo hazipindi kirahisi, nakiri. Lakini ile hewa inazuia joto, kwa hiyo biskuti inaiva bila kupata ukavu chini. Anayependa biskuti laini za kutafuna, za shayiri na zabibu kavu kwa mfano, atafurahi. Ila kagua pale matabaka yanapounganishwa. Maji yakipenya pale wakati wa kuosha, kuyatoa ni kazi.

Trei nyeusi za chuma kizito, zile zisizogandisha, zinavumilika kama kweli ni nzito. Punguza joto nyuzi 10 hadi 15 na uchungulie mapema. Kama zimepakwa teflon, usizipandishe zaidi ya nyuzi 260, mpako unaanza kuharibika.

Stenlesi tupu ni ya mwisho kwangu, hata ing'ae namna gani. Ni nzuri kwa kuandalia. Na zile nyembamba za bei rahisi hazihitaji aya nzima: zinapinda.

Kabla hujatoa pesa, laza trei kifudifudi kwenye kioo cha kaunta, bonyeza kona moja baada ya nyingine. Ikichezacheza, iache. Kisha bonyeza katikati kwa dole gumba. Ikibonyea na kurudi na mlio wa "tak", basi hiyo hiyo ndiyo itakayokulilia ndani ya oveni. Ukingo nao upapase: uwe umekunjwa ukakaza, na usiwe na mwanya unaoingiza maji.

Muuzaji hatapenda, na hapo ndipo roho inaponiuma. Nimeshawahi kuambiwa na mmoja kwamba trei "haibonyezwi, hununuliwa". Wa mtandaoni ndio balaa: picha inaonyesha trei imejaa biskuti za watu, huoni hata bati lenyewe, maelezo yanasema "nzito na imara", lakini uzito hauandikwi na unene hauandikwi. Halafu kuna hizi za rangi ya shaba zinazopandishiwa bei kana kwamba ni shaba kweli, wakati nyingi ni chuma chembamba kilichopakwa rangi. Na kwa nini lazima wauze tatu tatu? Moja ndiyo yenye ukubwa unaofaa, mbili zinakuja kujaza kabati, na zote umezilipia. Pesa ya zile tatu ingetosha kukusogeza karibu na moja ya maana.

Kwa mwenye trei iliyokwisha kupinda: usiigonge kwa nyundo, itapata mabonde mengine. Iweke kwenye rafu ya chini kabisa, idake siagi inayodondoka kutoka juu. Kwa kazi hiyo bonde la katikati linafaa kabisa.