Traka ya nyota ukiwa karibu na ikweta: uliza digrii kabla ya kuuliza bei

Nilipiga picha 40 za Nebula ya Jabari uani kwetu Tanga, na zote 40 nyota zilitoka ndefu kama punje za mchele. Nilikuwa nimetoka kununua kichwa cha mtumba cha kufuatia nyota, kutoka kwa muuzaji wa nje ambaye nilimuuliza kabisa: kitafanya kazi Tanga? Akajibu kinafanya kazi dunia nzima. Kumbe dunia yake inaanzia latitudo ya digrii 15.

Traka, yaani kichwa hicho cha kufuatia nyota, huizungusha kamera mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kinyume na mzunguko wa dunia. Sharti lake ni moja: mhimili wake uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na kimo cha ncha hiyo juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo yako. Tanga ni digrii 5, Mombasa 4, Nairobi 1 na ushei. Yaani mhimili uwe karibu kulala kabisa. Kichwa changu ukikishusha hadi 15, bolti inagota kwenye chuma na mchezo umeisha. Nikasukuma tofali chini ya mguu wa kaskazini wa stendi ili mtambo mzima uinamie kusini. Jabari kwetu hupita utosini, kwa hiyo nikawa nimelala chali kwenye mkeka, kamera ikichungulia juu, tofali likizama taratibu kwenye mchanga.

Hapo nililenga kwa kosa la digrii 1 hivi. Kwa lenzi ya milimita 135 na kamera yangu yenye pikseli za maikroni 4.3, kosa hilo linaweza kuisogeza nyota karibu pikseli 2 na nusu kila dakika. Shata ikikaa wazi dakika 3, ni pikseli 7. Ndiyo hiyo punje ya mchele.

Habari za wifi na rangi ya boksi utazisoma kokote. Mimi nauliza tu: inashuka hadi digrii ngapi, na ikishuka, skrubu ya kurekebisha bado inakaza au inalegea? Chuma cha kusawazisha uzito hakigongi mguu wa stendi? Ile darubini ndogo ya kulengea ncha wanayokuuzia kama zawadi, isahau. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo mwaka mzima. Mwenzake wa kusini, Sigma Octantis, ana mng'ao wa 5.4, hafifu, na kwangu anakaa nyuma ya mwembe wa jirani.

Namba moja kwangu ni Star Adventurer 2i ya Sky-Watcher, pamoja na kitako chake chenyewe, si cha kuungaunga. Ndiyo, napendelea Sky-Watcher na sioni haya. Kitako hicho kinainama kutoka digrii 0 hadi 90, kwa hiyo hata mtu wa Nanyuki hana tofali la kutafuta. Inabeba kilo 5, inakula betri 4 za AA. Kasoro yake: gia kuu ina meno 144, kwa hiyo kosa la gia linajirudia kila dakika 10 hivi, na ukiifungia kamera ya kuiongoza, ile inayoitazama nyota na kuiambia traka ijirekebishe, inajisahihisha katika mhimili mmoja tu.

Ya pili ni ndugu yake, GTi, ambayo hujisahihisha katika mihimili yote miwili na huenda yenyewe kwenye nyota unayoitaja. Ukiiunga na programu ya bure ya NINA, unalenga ncha bila kuiona, kwa kupima sehemu 3 za anga popote palipo wazi. Ni ghali zaidi. Kabla hujalipa, muuzaji aiweke kwenye digrii zako na akupigie picha. Akikwepa, kwaheri.

SkyGuider Pro ya iOptron ni ya tatu. Ina betri ya kuchaji ndani, kilo ni zilezile 5. Nzuri, sina ugomvi nayo. Celestron Advanced VX ni kubwa na watu wanaitamani, lakini imeandikwa digrii 7 hadi 77: Mtwara sawa, Tanga hapana. Vya bei chee vya kujitengenezea kwa mbao na bawaba vinatosha lenzi pana, basi.

Kuna wanaosema nunua programu badala ya traka. BlurXTerminator kweli huviringisha nyota zilizorefuka kidogo, lakini ni kama dola 100 na programu inayoishi ndani yake, PixInsight, ni mamia ya euro. Mimi picha zangu nilizipeleka GIMP, programu ya kuhariri picha: tabaka mbili za picha ileile, la juu kwenye hali ya kuacha giza tu, nikalisogeza pikseli 2 kufuata mstari. Nyota zikafupika, na nebula nayo ikaliwa kingo. Kilichoniokoa ni kufungua shata sekunde 15 tu: picha 240, saa nzima, nikazirundika kuwa picha moja kwa Siril, programu ya bure. Kwa sekunde 15 kosa lilelile halifiki hata pikseli 1.

Muuzaji nilimwandikia. Akasema latitudo ni jukumu la mnunuzi, na nauli ya kurudisha ilikaribia bei ya kichwa chenyewe. Basi nakiuza. Kizima, bolti zote zipo, ila mnunuzi awe Muscat au Johannesburg, nauli juu yake. Tofali nabaki nalo.