Antena na ruta za 4G kwa nyumba za Moshi na Arusha: ya kwanza, ya pili, na ya kuacha dukani

Kama unaishi Majengo pale Moshi mjini, au Kaloleni ya Arusha, na simu yako inashika 4G vizuri ukiwa sebuleni, huna haja ya antena. Nunua ruta ndogo ya ndani, iweke dirishani, maisha yaendelee. Mwongozo huu ni wa wale walioko Uru juu, Kibosho, Marangu, Ngaramtoni, au nyuma ya kilima kule Moshono, ambako bando linaisha muda wake kabla video haijamaliza kufunguka.

Kabla ya kutoa hela, pima. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utakuta namba hasi imeandikwa dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Hasi 85 ni nzuri. Kati ya hasi 95 na hasi 110 ndipo antena inapofanya kazi ya maana. Ukiona hasi 118, antena peke yake inaweza isikuokoe. Tafuta kwanza mahali pa juu zaidi. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya mawimbi imeondoka, na desibeli 10 ni sehemu tisa kati ya kumi. Vile vistari vya juu ya kioo achana navyo, kila simu inavichora inavyotaka. Pima ndani, pima uani, kisha mwombe kijana apande ngazi apime usawa wa paa. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka, kwa hiyo mara nyingi tatizo ni nyumba yenyewe, wala si mnara.

Suala la umeme linasahaulika sana madukani. Ruta au simu ikimsikia mnara kwa shida, hupandisha nguvu yake ya kutuma mpaka kikomo, ambacho kwa vifaa vya kawaida vya 4G ni kama miliwati 200, na sakiti inayosukuma mawimbi hayo hula zaidi ya hapo kwa sababu sehemu ya umeme inageuka joto. Ndiyo maana simu ukiwa korongoni inachemka na chaji inakwisha mchana. Antena ya nje haizalishi nguvu yoyote. Inafanya kile anachofanya mtu wa Kibosho anapomwita jirani ng'ambo ya korongo: anakinga mikono mdomoni, sauti ile ile inaelekea upande mmoja. Ukiwa na antena nzuri, ruta inatuma kwa nguvu ndogo na bado inasikika.

Namba moja: ruta ya 4G ya nje

Hii ndiyo ningenunua kwa nyumba yoyote ya mlimani. Antena na redio, yaani sehemu inayotuma na kupokea mawimbi, viko ndani ya boksi moja lisiloingia maji, linalofungwa juu ya bomba. Kinachoshuka ndani ni waya wa mtandao tu, unaopeleka umeme juu na kuleta data chini, na unaweza kufika mita 100 bila shida. Mawimbi hayapotei njiani kwa sababu hayana safari ya kusafiri. Ndani utahitaji kiboksi kidogo cha Wi-Fi, gharama ambayo wauzaji wengi hawaitaji mpaka umeshalipa.

Muulize muuzaji mambo mawili. Je, imefungwa kwa kampuni moja, au inapokea laini yoyote? Na inashika masafa gani? Kwenye orodha ya masafa utafute megahezi (MHz) 700, 800, 1800, 2300 na 2600, kisha ulinganishe na yale ambayo kampuni yako ya simu inatumia eneo lako. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kuwa nzuri sana na isishike mnara wako hata siku moja.

Namba mbili: ruta ya ndani yenye soketi mbili za antena, pamoja na antena ya nje

Inafaa kama ruta unayo tayari. Tatizo ni waya. Waya mwembamba wa RG58, unaopatikana kila duka, unapoteza karibu desibeli 0.8 kwa kila mita kwenye masafa ya 1800. Fanya mita kumi: antena ya desibeli 9 uliyoilipia imebaki na moja. Waya mnene wa aina ya LMR-400 unapoteza kama desibeli 2 tu kwa urefu huo huo, lakini bei yake inaweza kukaribia ya antena. Usikubali fundi wa dishi akuwekee waya wa dishi uliobaki kwenye begi lake. Ule ni wa ohm 75, na ruta hizi ni za ohm 50, haviendani.

4G hutumia njia mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana soketi ni mbili. Nunua antena bapa yenye waya mbili, au antena mbili za vijiti, moja imeinama kulia na nyingine kushoto, nyuzi 45 kila moja. Antena moja itaongeza mawimbi, ila kasi unaweza usiione.

Antena ya vijiti ya Yagi ilianzia Japani mwaka 1926, kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na kanuni zake zinakupa kipimo cha kumkagulia muuzaji. Nusu ya wimbi la masafa ya 800 ni kama sentimita 19, na la 2600 ni kama sentimita 6. Ukali wa antena huja kwa kupanga vijiti vingi vya karibu urefu huo, kwa hiyo kaantena ka urefu wa kidole kenye maandishi ya "35 dBi" (desibeli za antena) ni uongo uliochapishwa kwenye boksi.

Namba tatu: MiFi, ruta ndogo ya mfukoni

Inakula umeme kidogo kuliko zote, ina betri yake, na umeme ukikatika inaendelea saa kadhaa. Iweke dirisha linalotazama mnara. Soketi zake za antena ni dhaifu, zinavunjika, usihangaike nazo.

Za kuacha: stika za kubandika nyuma ya simu, ambazo hazifanyi chochote, na vile vikuza mawimbi vinavyouzwa kimyakimya. Kikuza mawimbi kinakuza na kelele pia, kinakula umeme saa zote, kinaweza kuharibu mawasiliano ya kijiji kizima, na kukifunga bila idhini ni kujitafutia shida na mamlaka ya mawasiliano, TCRA.

Kwa wenye sola: ruta ya wati 7 inakula kama uniti 5 kwa mwezi. Inveta peke yake, hata bila kazi, inaweza kula wati 10 hadi 20, yaani zaidi ya ruta inayoihudumia. Chagua ruta ya volti 12 na uilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri, ila pitisha kwenye kidhibiti kinachoshikilia volti 12, kwa sababu betri ikiwa inachajiwa inapanda mpaka 14.4 na ruta nyingi hazikutengenezwa kwa hali hiyo.

Siku ya kufunga, geuza antena polepole ukisoma namba, usiielekeze tu mnara ulio karibu. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mnara wa karibu mara nyingi uko nyuma ya ukingo wa korongo, wakati ule wa mbali kule tambarare unaonekana wazi. Inua juu ya migomba, maana majani mabichi yenye maji ya mvua yanameza mawimbi. Viungio vifungwe kwa tepu ya mpira. Na bomba liunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba kabla masika ya Machi hayajaanza na radi zake.