Treka ya nyota kwa anga ya Dar: miezi mitatu ya kuijaribu Kimbiji

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo nina hiki hapa mkononi, ngoja nikisogeze karibu na kamera mkione vizuri. Hii ni treka ya nyota. Ndani yake kuna mota ndogo na gia. Treka unaifunga kwenye tripodi, kamera unaifunga kwenye treka, halafu mota inaizungusha kamera taratibu sana, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha ukiipima kwa nyota. Ukiacha shata, yaani kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi dakika nzima, nyota inabaki nukta. Bila treka inakuwa mstari.

Nimeinunua kwa pesa yangu, laki tisa na nusu mpaka kunifikia mkononi. Jina lililoandikwa ubavuni si la muhimu leo, kwa sababu treka nyingi za bei hii zinafanana, na tatizo nitakalolieleza linamhusu kila mtu anayeagiza kifaa cha namna hii akiwa anaishi huku kwetu.

Ila kabla sijaifungua, nijibu swali ninaloulizwa na karibu kila mtu akisikia napiga picha za anga usiku: je, Dar tunaweza kuona aurora, ile mianga ya kaskazini? Jamani, hapana. Jua linatupa chembe zenye umeme, sumaku ya dunia inazikusanya na kuzishusha kwenye pete mbili, moja kuzunguka kila ncha ya sumaku. Huko zinagonga oksijeni ya angani, nayo inawaka kijani kuanzia kama kilomita 100 juu, na nyekundu ukipita kilomita 200. Ile dhoruba kubwa ya sumaku iliyoletwa na jua tarehe 10 na 11 Mei 2024, ya daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza kufika daraja hilo tangu Oktoba 2003, ilisukuma rangi hizo mpaka watu wa Afrika Kusini na Namibia wakazipiga picha. Sisi tuko mbali mno na pete zote mbili.

Lakini msiondoke, kuna kijani kingine. Nitakirudia.

Sasa tuifungue. Kitu cha kwanza unachokutana nacho kwenye kijitabu cha maelezo ni sentensi hii: elekeza mhimili wa treka kwenye Nyota ya Kaskazini. Hapo ndipo mtu wa Dar anapoanza kupotea. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu haipandi, iko chini ya upeo mwaka mzima. Mhimili wetu tunauelekeza ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, na ncha hiyo kwa hapa iko nyuzi 7 tu juu ya upeo. Kunja ngumi, nyoosha mkono, iweke ngumi juu ya mstari wa upeo wa macho. Ncha iko chini ya ukingo wa juu wa ngumi yako. Nyota iliyo karibu nayo inaitwa Sigma Octantis, ni hafifu, hata kwenye giza zuri jicho linaitafuta kwa shida. Kwenye ule ukungu wa chumvi unaokaa juu ya bahari, isahau. Hiki kijidarubini cha kulengea kilichomo ndani ya treka, kwa Dar, hakina kazi.

La pili ni hiki kitako cha kuinamisha. Angalieni namba zake: vipimo vinaanzia nyuzi 15 na kuishia 70. Mtu wa Tromsø kule Norway anaweka 70, mhimili unakaribia kutazama utosini, kamera inakaa juu ya tripodi imetulia kabisa. Mimi nahitaji 7, na 7 haipo. Hili limeniuma, kwa sababu kwenye boksi wameandika kwamba inafanya kazi popote duniani. Nusu ya pili ya kauli hiyo nimeimalizia mwenyewe: nilienda kwa fundi seremala Keko, akanichongea kabari ya mninga ya nyuzi 8, naiweka hapa kati ya kitako na tripodi. Kumi na tano toa nane, saba. Ukitaka haraka, fupisha mguu mmoja wa tripodi na upime kwa simu, inawezekana, ila tripodi iliyoinama haina msimamo.

Na msimamo ndiyo habari yenyewe. Kwa sababu mhimili wetu unakaribia kulala kabisa, kamera inaning'inia ubavuni kama ndoo kwenye mti wa kubebea maji. Usiku wa kwanza upepo wa kusi uliitikisa tripodi yangu nikaidaka ikiwa imeshaanza kwenda. Tangu siku ile mguu mmoja naupeleka kusini, chini ya uzito, na katikati naning'iniza mfuko wa mchanga. Mchanga wa ufukwe wa Kimbiji haununuliwi.

Sasa namna ninavyoipanga. Nafika mapema, jua halijazama. Kwanza pimamaji, tripodi ikae sawa. Halafu dira ya simu, na hapa sikiliza vizuri: nenda kwenye mipangilio, chagua kaskazini ya kweli, usiache ile ya sumaku. Na usiiweke simu juu ya treka, mota ina sumaku na sindano itakudanganya. Simama hatua tatu nyuma, tafuta kusini, chagua alama mbele yako, mnazi au mtumbwi ulioegeshwa, kisha elekeza mhimili hapo. Mabaharia wetu wa zamani walikuwa na nyota ya kazi hii. Suheli, ile kubwa inayong'aa upande wa kusini, jina lake ndilo walilotumia pia kwa maana ya kusini. Inakupa upande, ingawa haikupi ncha yenyewe.

Giza likishakamilika, kama saa 1 na nusu usiku, nafanya jaribio. Mwezi Juni mapema usiku nyota ya Sumbula inapita karibu na utosi. Naipiga picha ya dakika mbili. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, mhimili wangu umekosea kushoto au kulia. Nasogeza kidogo, napiga tena. Kisha nafanya hivyo hivyo kwa nyota inayochomoza mashariki, hiyo inaniambia kama nimekosea juu au chini. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima. Sasa hivi dakika 20.

Kuna na hii swichi ndogo, N na S. Huku kwetu lazima iwe S. Mimi safari ya kwanza niliiacha N, mota ikazunguka kinyume, na michirizi ya nyota ikawa mirefu maradufu kuliko bila treka kabisa. Nilipoteza usiku mzuri wa giza kwa swichi, na usiku wa giza wa Juni, wenye anga safi, si wa kupoteza.

Matokeo sasa. Kamera yangu ni ya kawaida, ya kihisio kidogo, lenzi ya milimita 50. Bila treka, sekunde 6 au 7 ndiyo mwisho, ukizidisha nyota zinaanza kurefuka. Kwa anga yetu zinarefuka haraka, kwa sababu ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, inapita karibu na utosi wetu, na nyota za hapo ndizo zinazokimbia kuliko zote, nyuzi 15 kwa saa. Ukiacha shata wazi ukitazama mashariki unaona kabisa zinatoka baharini wima, mistari iliyonyooka. Kwa treka nimefika sekunde 90, ISO 800 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga), nukta safi. Ona hii. Hii ni Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota za galaksi yetu, saa 6 usiku, kitovu chake kati ya makundi ya nyota ya Nge na Kausi, nyuzi 22 tu kutoka utosini. Ndugu zangu, huyu wa Tromsø mwenye aurora, kitovu hiki hakioni maisha yake yote akikaa kwao, hakipandi juu ya upeo wake hata siku moja. Sisi tunakitazama tumelala chali kwenye mkeka.

Nilipojaribu lenzi ya milimita 200 mambo yalibadilika. Zaidi ya sekunde 20 nyota zinapinda, uzito ni mkubwa na gia zinasita. Hapo treka hii haikufai, na usishawishike na namba za kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Namba hizo ni za mhimili uliosimama. Wetu umelala.

Sasa kile kijani. Usiku mmoja niliielekeza kamera mashariki, baharini, kutafuta nyota zinazochomoza. Picha ya kwanza ikaja na utando wa kijani, mapande mapande, kama nyuzi 15 juu ya maji. Nilidhani ni taa za wavuvi wa dagaa, maana usiku wa giza tunaoungojea sisi ndio wanaoungojea wao. Lakini mwanga wa taa zao ni mweupe na unalala chini kabisa kwenye upeo. Huu ulikuwa juu, nyota zinaonekana kupitia ndani yake, na kila picha mapande yalikuwa yamesogea. Ulikuwa ni mwanga wa hewa. Mchana jua linavunja molekuli za oksijeni huko juu, usiku vipande vyake vinaungana tena na kuachia nguvu kama mwanga, kwenye kimo kilekile cha kilomita karibu 100, na rangi ileile ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7. Ni oksijeni ileile ya aurora. Tofauti ni kwamba huu hauhitaji dhoruba wala ncha ya sumaku, upo kila usiku, dunia nzima, na jicho halioni rangi yake kwa sababu ni hafifu mno. Nilikaa pale mchangani nimeishika kamera natazama kioo chake, na sikuweza kusema kitu. Picha ni hii, sekunde 60, ISO 3200, sijaongeza rangi. Ukipenda bahari nayo itulie kwenye picha, zima mota upige picha nyingine ya chini peke yake, maana mota ikifuata nyota upeo unafifia.

Kuhusu mahali: mjini usijisumbue. Coco Beach utapata mwezi na sayari, basi. Mimi navuka Kigamboni naendelea kusini mpaka Kimbiji, mwanga wa jiji unabaki nyuma, kaskazini magharibi. Nendeni wawili au watatu, na mtoe taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, watu wenye vifaa vyekundu vinavyowaka ufukweni usiku wa manane wanazua maswali. Miezi ni Juni hadi Septemba. Masika hakuna kitu.

Chumvi na unyevu wa pwani ni adui wa hiki kifaa kuliko wizi. Nikirudi nafuta kila mahali kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, nakausha, natoa betri, halafu kila kitu kinaingia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Lenzi yangu ya zamani iliota kuvu ndani kwa kuachwa kabatini masika moja tu.

Kwa hiyo nani anunue? Kama unatumia simu, usinunue. Tripodi ya elfu thelathini na tano pale Kariakoo pamoja na darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50, vitakupa furaha kubwa zaidi. Tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa wote kuanzia saa 2 na nusu usiku hadi saa 3 na dakika 52, picha yangu niipendayo niliipiga bila treka, na majirani wote walipokezana darubini. Kama una kamera ya lenzi za kubadilisha, na uko tayari kuchonga kabari na kurudia mpangilio kila usiku, nunua, ila kabla hujalipa muulize muuzaji swali moja: kitako kinashuka hadi nyuzi ngapi? Akikujibu sifuri au tano, mpe pesa.

Yangu naendelea nayo. Desemba, vuli ikitoa nafasi, nitaigeuza kusini kabisa nitafute Mawingu ya Magellan, zile galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu. Yale yako karibu na ncha, mota itakuwa na kazi ndogo, tatizo litakuwa ule ukungu wa baharini. Nikiyapata nitawaletea picha hapa hapa, pamoja na zilizoharibika.