Lenzi ya bei kali, ukali nusu

Jina la kampuni silitaji. Ni lenzi ya zumu ya 24-70mm f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana), ya jina ambalo nimelishikilia tangu bodi yangu ya kwanza ya kamera, na miezi yote hii upande wa kushoto wa picha haujawahi kukaa sawa.

Kinachokera ni kwamba katikati ni kali ajabu, unahesabu nyuzi za mkanda wa gomesi, lile gauni la wanawake wa Uganda. Kwa picha ya mtu mmoja hutagundua lolote. Sasa panga watu wa kwanjula, sherehe ya Baganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, safu moja, upande wa bwana harusi kulia, ssenga (shangazi wa bibi harusi) na dada zake kushoto, piga kwa f/4, kisha ikuze picha hadi asilimia 100. Kulia kope zinaonekana moja moja. Kushoto nyuso zimelainika kama sabuni iliyolowa. Na kwenye kwanjula, ssenga ndiye mtu usiyetaka kumharibia picha.

Kabla ya kulalamika niliipima. Kamera kwenye stendi, imetazama ukuta wa matofali sawasawa, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, kitulizo cha mtikisiko kimezimwa, taima ya sekunde 2, tundu wazi kabisa kwa f/2.8. Piga moja, kisha geuza kamera juu chini upige tena. Ukungu ukihamia upande wa pili wa fremu, hukuisimamisha kamera sawa na ukuta. Ukibaki kushoto kwa fremu, kosa liko kwenye kifaa. Nikafunga lenzi nyingine kwenye bodi ileile, pembe zote zikatulia, kwa hiyo sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea picha, haina hatia. Mwisho nikaweka fokasi kwenye tofali la kushoto kabisa: kushoto kukawa kukali, kulia kukafa. Hapo hakuna ubishi, kuna kioo ndani kimekaa upande.

Nilipoipeleka ikatengenezwe, kijana wa kaunta alipiga picha moja ya dari, akaitazama kwenye skrini ya nyuma ya kamera. Skrini ya vidole viwili! “Mbona iko sawa, ssebo? Labda mkono wako unatetemeka.” Mkono, na stendi je? Wakaikubali kwa shingo upande, ikakaa huko wiki nyingi, ikarudi na karatasi: imesafishwa, fokasi imerekebishwa. Marekebisho hayo husogeza fokasi yote mbele au nyuma. Hayanyooshi kioo kilichoinama. Ni kama kubadilisha tairi wakati ekseli imepinda. Tena wakadai hela, eti mitikisiko ya boda haimo kwenye waranti.

Haya, la boda nalikubali kidogo. Barabara za murramu hulegeza skrubu ndogo za ndani, hasa begi likiwekwa juu ya tenki mbele ya dereva badala ya kubebwa mgongoni. Lakini hii ilikuwa hivyo tangu picha za siku ya kwanza, na picha zinabeba tarehe zake. Niliwaonyesha. Hawakutazama.

Mtu ataniambia funga tundu hadi f/8. Ni kweli, kina cha fokasi kinafunika mwinamo na picha inapita, hata ya kuchapisha kubwa. Nikiwa nje mchana siilaumu hata chembe. Ila ndani ya hema jioni, pale f/2.8 inaponitosha kwa ISO 800, f/8 inanipeleka ISO 6400, na nguo nyeusi zinajaa chenga. Nililipia 2.8, wamenipa 8.

Kuhama kampuni je? Flashi mbili, lenzi tatu, betri, vyote vinakubaliana na kamera za kampuni hii moja, na ukiviuza Kampala unapewa nusu bei ukibahatika. Kampuni zenyewe hazina uaminifu wa namna hiyo kwetu. Canon mwaka 1987 ilibadili mlango wa kamera zake, pale lenzi inapofungwa, kutoka FD kwenda EF, waliokuwa na kabati la lenzi za FD wakabaki nalo.

Kwa hiyo msiinunue. Au inunueni, lakini nendeni na stendi, tafuteni ukuta wa matofali karibu na duka, na msitoe shilingi kabla ya kuona pembe zote nne kwenye kompyuta. Nakala iliyonyooka ya lenzi hii nimewahi kuiazima, na sijaona nzuri kuliko hiyo, ndiyo hasira yenyewe.

Jumamosi kuna kwanjula Mukono. Naenda nayo hiihii, na ssenga atakaa katikati.